Merikebu Kubwa Ilitisha, Lakini Ilikuwa na Njaa

Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, upande unaotazama mlango wa bahari, kuna mbao za msaji zilizolala topeni tangu Oktoba 1697. Ni mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyokuwa na mizinga 42. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichimbua polepole, wakapandisha vyungu, risasi, mizinga na vikorokoro vya mabaharia, kisha mbao zenyewe wakazifukia tena palepale zilipokuwa. Ukiingia kwenye makumbusho ya ngome utavikuta baadhi ya vitu hivyo. Wageni wengi huvipita mbio, wakiwahi kupiga picha juu ya ukuta.

Mimi huwa nasimama kidogo, kwa sababu merikebu ile ni shahidi katika ubishi ambao haujaisha. Ilitumwa kuiokoa ngome iliyozingirwa. Ikazama chini ya kuta za ngome hiyohiyo, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingoja iwaokoe.

Ubishi wenyewe ni huu. Upande mmoja, ambao wengi wetu tuliusoma shuleni, unasema pwani yetu ilishindwa na merikebu: Mreno alikuja na chombo kikubwa chenye mizinga, sisi tulikuwa na mitepe na madau, habari ikaishia hapo. Upande wa pili, unaopendwa zaidi siku hizi, unasema Mreno alikuwa mpita njia mwenye kelele. Alikaa kwenye ngome mbili tatu akila ushuru, biashara ya pwani ikaendelea kwa majahazi kama kawaida, na alipofukuzwa alituachia maneno kama meza, leso, karata na gereza, basi.

Kila upande una haki yake, na zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinaitazama merikebu ikiwa imetweka matanga baharini. Ningependa tuitazame ikiwa bandarini, imetua matanga, inaomba maji.

Tuanze na haki ya upande wa kwanza, maana si ndogo. Mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni ulishonwa kwa kamba za makumbi, ubao kwa ubao, bila msumari. Ulikuwa ufundi wa akili nyingi. Chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kikigusa mwamba au kikipandishwa mchangani, na kikiumia hurekebishwa kwa vitu vinavyoota hapohapo pwani. Tanga lake lilikuwa mkeka. Kwa kubeba boriti, nafaka na pembe kutoka bandari hadi bandari, hakikuhitaji kuwa kitu kingine.

Lakini hakikuundwa kubeba mzinga mzito. Mzinga ukilipuka hurudi nyuma, na kishindo chake lazima kipokewe na mwili wa chombo. Merikebu za Wareno zilikuwa na mkuku (uti wa chini wa chombo) mnene, mataruma (mbavu zake) yaliyokaribiana na mbao zilizopigiliwa kwa chuma, na mizinga mikubwa ilipangwa chini, karibu na maji, isije ikaipindua merikebu kwa uzito wake. Chombo cha namna hiyo kiliweza kusimama mbali, mshale usikokifikia, na kuupiga mji hadi uchoke.

Kilwa iliona maana yake Julai 1502. Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitishia kuuteketeza mji, na Amiri Ibrahim akalipa dhahabu kabla ya vita kuanza. Dhahabu hiyo ilifuliwa Lisbon kuwa chombo cha ibada cha monasteri ya Belém, kikamalizika mwaka 1506, na hadi leo kinaonyeshwa Lisbon kama fahari ya ufundi wa Wareno. Miaka mitatu baada ya tishio hilo alikuja Francisco de Almeida, na kikosi kilichotoka Lisbon na merikebu zaidi ya 20. Julai 1505 aliiteka Kilwa. Agosti akaichoma Mombasa.

Habari ya Mombasa ina jambo ambalo husahauliwa. Watu wa mji walikuwa na mizinga. Ilikuwa imeokolewa kutoka merikebu ya Wareno iliyokwama pwani siku za nyuma, wakaipanga kwenye boma la mlangoni, wakawafyatulia Wareno walipokuwa wakiingia. Ni baruti yao iliyoshika moto ikawaharibia. Baada ya hapo vita vilihamia vichochoroni, kwa mawe na mishale kutoka madarini. Kwa hiyo anayesema Mombasa iliduwaa kwa kuona mzinga hajasoma sawasawa. Mji ulielewa upesi. Kilichokosekana ni chombo cha kuipeleka mizinga ile baharini ikamkute Mreno huko aliko.

Mwaka 1509, mbele ya Diu kwenye pwani ya Bara Hindi, Wareno walizivunja merikebu za Misri, Gujarati na Kalikuti kwa pamoja. Tangu hapo, kwa miaka mingi, hapakuwa na taifa la Bahari ya Hindi lililotaka kupambana nao maji makuu. Ndipo wakaleta jambo jipya kabisa: pasi. Kila chombo cha biashara kilitakiwa kununua hati yao na kupita kwenye forodha zao, na kisichokuwa nayo kilikamatwa pamoja na shehena. Kabla yao bahari hii ilikuwa na maharamia, na kila bandari ilikuwa na ushuru wake, lakini hakuna aliyeidai bahari nzima kama shamba la babu yake. (Wenzao wa Ulaya hawakukubali pia. Mwaka 1603 Waholanzi waliikamata merikebu ya Kireno Santa Catarina karibu na Singapore, na mwanasheria wao Hugo Grotius akachapisha mwaka 1609 hoja ndefu kwamba bahari haina mwenyewe. Hoja ilikuwa nzuri. Ilisaidia pia kwamba mzigo ulikuwa umeshaibwa.)

Hapo upande wa kwanza unasimama imara. Ila haupaswi kudai kwamba ukubwa wa chombo ndio ulioleta utawala. Merikebu kubwa zilishafika pwani hii kabla ya Wareno. Mwanzoni mwa miaka ya 1400 misafara ya Wachina chini ya Zheng He, yenye watu zaidi ya 20,000 katika safari moja, ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpeleka twiga hadi mbele ya mfalme wa China. Zikaja, zikafanya biashara, zikapokea na kutoa zawadi, zikaondoka. Hazikuacha ngome wala pasi. Mbao na matanga havina nia. Nia huletwa na waliomo ndani.

Sasa tuitazame njaa.

Da Gama aliondoka Lisbon Julai 1497 na vyombo vinne na watu wapatao 170. Alipofika Mombasa Aprili 1498, fizi za mabaharia wake zilikuwa zikioza kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Fikiria picha hiyo vizuri: manowari zenye mizinga zimesimama nje ya bandari, na zinachohitaji kuliko kitu chochote duniani ni kapu la machungwa. Mambo yakaharibika kati yao, akaenda Malindi, na huko akapewa rubani. Wengi hudai rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka nchi za Waarabu, lakini habari za Wareno wenyewe zinamwelekeza mtu wa Gujarati. Awe nani, kwa upepo wa kusi aliwavusha hadi Bara Hindi kwa siku 23 hivi.

Kurudi, Da Gama hakuwa na subira. Aliondoka Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, wakati kaskazi haijashika. Mwana wa nahodha yeyote wa Lamu angemwambia angoje. Safari iliyokuwa ya wiki tatu ikawa ya karibu miezi mitatu. Watu wapatao 30 walikufa njiani, na kwa kila chombo walibaki saba au wanane tu walioweza kushika kamba. Walipofika Malindi Januari 1499 waliomba tena machungwa. Mbele kidogo wakaichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa sababu mikono ya kuiendesha ilikuwa imekwisha. Waliorudi Ureno hawakufika 60.

Hiyo ndiyo merikebu ambayo upande wa kwanza huiita mshindi wa bahari. Na haikuwa bahati mbaya ya mara moja. Chombo kikubwa cha matanga ni kitu kinachokula. Kinataka maji safi kwa mapipa, biskuti, nyama ya chumvi, kamba mpya, matanga mapya, kalafati (kuziba nyufa za mbao) ya kila mara, milingoti ya akiba, na watu, watu, watu. Jahazi la watu kumi na watano likikosa maji huingia mlango wowote wa mto. Merikebu yenye mamia ya watu haiwezi kuingia popote. Inahitaji bandari yenye kina, yenye visima, na yenye mwenyeji anayekubali.

Malindi ilikubali, kwa sababu zake. Ilikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa, na ilimwona Mreno kama mtu anavyomwona jirani mwenye mbwa mkali: mkaribishe, mpe chakula, mbwa atabwekea adui yako. Hesabu hiyo iliwalipa. Fort Jesus ilipoanza kujengwa mwaka 1593, mtawala wa Malindi alihamia Mombasa na kukalishwa kwenye kiti cha mji aliokuwa akiuchukia. Kwamba mbwa angemuuma mwenye kumlisha, hilo lilikuja baadaye.

Ngome yenyewe, ukiifikiria, ni ungamo. Kama manowari zingetosha, kuta za nini? Mwaka 1585 Mturuki mmoja, Ali Bey, alikuja pwani akiwa na chombo kimoja cha makasia, na mji baada ya mji, isipokuwa Malindi, ukaipokea bendera ya Sultani wa Istanbul. Chombo kimoja! Karibu miaka 80 ya kutishwa na mizinga ya Wareno haikuwa imejenga utii hata wa msimu mmoja. Ali Bey alirudi na vyombo vichache zaidi, na mwaka 1589 Wareno kutoka Goa, makao yao makuu Bara Hindi, wakaja na kikosi kikubwa wakamkamata Mombasa. Lakini walikuwa wameshajifunza kwamba merikebu hutawala pale ilipo, kwa muda iliopo. Ikipandisha nanga, mji hurudi kuwa wa wenyewe. Hata ngome waliyoijenga Kilwa mwaka 1505 waliiacha mwaka 1512, na walipoibana Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, wachukue dhahabu ya bara, wafanyabiashara Waislamu waliihamishia biashara Angoche, kwenye vijia vya maji ambavyo manowari haipiti.

Baada ya ushahidi wote huu, ni rahisi kuhamia upande wa pili kabisa na kusema basi, Wareno walikuwa kelele tupu. Hapo ndipo nasita.

Upande wa pili una tabia ya kuhesabu nani alibaki mwishoni, na kusahau gharama ya katikati. Kweli Mreno aliondoka. Lakini Kilwa, ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331 na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, haikurudi tena kuwa bwana wa dhahabu. Mombasa iliteketezwa mwaka 1505, ikateketezwa tena wakati wa mkuu wa Wareno Nuno da Cunha mwaka 1528 na 1529, kisha ikavamiwa tena mwaka 1589. Faza, katika kisiwa cha Pate, iliadhibiwa mwaka 1587 kwa kumpokea Ali Bey: watu wakauawa na minazi ikakatwa. Mnazi hukatwa kwa saa moja na huchukua miaka kukua. Mtu aliyeamuru minazi ikatwe alijua vizuri anachokifanya, kwani ndimo zilimotoka kamba za vyombo, mafuta, makuti na chakula. Kusema biashara iliendelea kama kawaida ni kusema hivyo ukiwa umekaa mbali na Faza.

Kwa hiyo ningeigawa nguvu ya merikebu mafungu mawili. Kubomoa iliweza, na ilibomoa vibaya. Kukaa haikuweza, mpaka isaidiwe na kundi la watu wa nchi kavu. Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili ni mwaka 1631. Yusuf bin Hasan, wa ukoo ule ule wa Malindi, aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliingia Fort Jesus mwezi Agosti na kumuua kapteni. Ngome ikawa yake. Kikosi cha merikebu kikaja kutoka Goa mwaka 1632, kikaipiga ngome iliyojengwa na Wareno wenyewe, kikashindwa kikarudi. Yusuf aliondoka baadaye kwa hiari yake, akapanda chombo alichowateka Wareno, akawa haramia baharini. Mbwa na mwenye kumlisha walikuwa wameshaumana.

Tukirudi sasa kwa Santo António de Tanná, mambo yanasomeka vizuri zaidi.

Waomani walianza kuizingira Fort Jesus Machi 1696. Hawakuja na majahazi ya tende. Tangu walipowatoa Wareno Muscat mwaka 1650, walirithi merikebu zilizokutwa bandarini, wakaajiri na kununua, wakajenga kikosi chao cha manowari, na kufikia miaka ya 1660 walikuwa wakiishambulia Mombasa na hata Diu. Watu wa Mombasa walikuwa wamewaita. Hapa upande wa kwanza unapata pointi nyingine: aliyemng'oa Mreno ni mtu aliyepata merikebu kama za Mreno.

Lakini tazama kilichotokea ndani ya ngome. Maradhi yaliingia. Wareno walikufa mmoja mmoja hadi, mwaka 1697, amri ya ngome ikawa mikononi mwa Bwana Daudi wa Faza, akiwa na watu wa pwani, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wamejihifadhi humo. Ndiyo, Faza ileile. Miaka 110 baada ya minazi ya mji wake kukatwa, mtu wa Faza ndiye aliyekuwa akiishikilia bendera ya Ureno juu ya kuta. Usiniulize nikupe sababu moja. Siasa za Pate na Faza, uadui wa miji jirani, hofu ya Oman, ahadi, heshima ya mtu: pwani yetu haijawahi kuwa na pande mbili tu.

Septemba 1697 Santo António ikaingia bandarini. Ilijengwa Bassein, kaskazini ya Mumbai, ikashushwa majini mwaka 1681, kwa msaji wa Bara Hindi ambao hauozi upesi kama mwaloni wa Ulaya. Katika kila kitu ilikuwa chombo bora kwa bahari hii. Ila iliingia kwenye mkono wa bahari mwembamba, ambao kingo zake zilikuwa na mizinga ya Waomani. Merikebu ina nguvu ikiwa na nafasi ya kugeuka. Ikifungwa nanga mahali pembamba, huwa nyumba tu yenye mizinga, na nyumba ya mbao. Oktoba amari (kamba za nanga) zikakatika, ikasukumwa pwani, ikaharibika, ikazama. Askari iliyowaleta wakaingia ngomeni, na maradhi yakawapokea kama yalivyowapokea wenzao.

Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipanda kuta. Waliokuwa hai ndani walikuwa wachache mno, si jeshi tena. Siku chache baadaye merikebu nyingine za Goa zilitokeza, zikaona bendera ya Oman, zikageuka. Walijaribu tena mwaka 1728, wakaupata mji kwa msaada wa watu wa Pate, na mwaka uliofuata watu wa Mombasa wenyewe wakawatoa.

Naona wengine hapa huanza kushangilia, kwamba sasa merikebu ni yetu, bahari imerudi kwa wenyewe. Polepole. Merikebu ikibadilisha mwenyewe haibadilishi njaa yake, na njaa ya merikebu za biashara ilikuwa na ladha ya watu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Ufaransa vya Mauritius na Réunion. Mwuzaji alikuwa wa pwani. Mnunuzi ndiye aliyeleta merikebu, na ukubwa wa merikebu ndio ulioamua ukubwa wa oda. Jahazi pia lilibeba watumwa, karne nyingi, hilo halifichiki. Lakini mkataba wa 1,000 kwa mwaka ni hesabu ya mtu mwenye ngama (tumbo la chombo) kubwa ya kujaza.

Chini ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, merikebu zilifikia fahari yao. Nyingi ziliundwa Mumbai, kwa msaji uleule wa akina Santo António. Sultana, iliyoundwa mwaka 1833, ndiyo inayopendwa na wasimulizi, na naelewa kwa nini. Tarehe 30 Aprili 1840 ilitia nanga New York, chini ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani, imebeba tende, mazulia na kahawa ya Mocha, na kutoka Unguja karafuu, sandarusi, ngozi na pembe 108. Watu wa New York walijaa gatini kuishangaa. Chombo kilikuwa kimechakaa kwa safari, Wamarekani wakakitengeneza upya bila malipo kwenye kiwanda chao cha manowari kule Brooklyn. Ni kisa kizuri. Lakini karafuu zilichumwa na watumwa, na pembe zilibebwa mabegani kutoka bara, na kadiri orodha ya shehena inavyovutia ndivyo ninavyojiuliza nani aliyeifikisha gatini.

Kisa kinachonichekesha zaidi ni cha Liverpool, manowari ya mizinga 74 ambayo Sayyid Said aliipata Mumbai mwaka 1826. Ilikuwa chombo cha hadhi ya mataifa makubwa, kinachokula kwa hadhi hiyohiyo. Mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William wa Nne wa Uingereza. Waingereza wakakiita Imaum, wakakipeleka Jamaica, kikamalizia maisha yake kimefungwa bandarini Port Royal kama bweni la mabaharia. Huenda ilikuwa zawadi ya upendo. Mimi naona pia mfanyabiashara mjanja aliyepata mtu mwingine wa kumlisha mnyama wake.

Nimeuacha mwisho ushahidi ninaoutegemea kuliko wote, na hauhusu Wareno. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, Waingereza waliweka bandarini hapo HMS London, manowari ya mizinga 90 iliyoshushwa majini mwaka 1840 enzi za matanga, baadaye ikatiwa injini ya mvuke. Kazi yao ilikuwa kuyakamata majahazi ya watumwa. Ukiuamini upande wa kwanza wa ubishi wetu, utategemea kuona chombo hicho kikubwa kikitweka na kuwafukuza wafanya magendo hadi Pemba. Hakikufanya hivyo. Kilikaa nangani, kikawa ghala, karakana na hospitali. Waliotoka kwenda kuwinda ni mashua ndogo, zenye tanga moja na makasia, mabaharia wachache na mkalimani wa Kiswahili, zikilala kwenye vijia vya mikoko siku nyingi kungoja dau lipite.

Desemba 1881 nahodha wa London mwenyewe, Charles Brownrigg, alitoka na moja ya mashua hizo. Karibu na Pemba walikuta jahazi lenye bendera ya Ufaransa, wakalisogelea kukagua karatasi. Waliokuwamo walifyatua bunduki kwanza, wakaruka mashuani na mapanga, wakamuua. Mizinga ya London ilikuwa Unguja, mbali sana na pale, na hata kama ingekuwa karibu isingefika kwenye kina kile cha maji. Miaka mitatu baadaye merikebu hiyo iliuzwa.